Jiwe Nyekundu na Kanzu Kumi na Mbili

Siku Nuru aliletwa Kasongo kuolewa, vijana wane walibeba sanduku yake, na wote wane walilowa jasho mpaka mugongoni. Mama mukwe yake, Mwavita, aliona namna wanainama, akafurahi ndani ya roho: kumbe huyu binti ya Kabambare anakuja na vyombo! Sahani ya Ulaya! Labda na pasi ya chuma! Wanawake ya mutaa wakasongamana ku baraza, shingo zote inje. Mwavita mwenyewe akafungua kufuli, akainua kifuniko. Na mule ndani, weee, mawe! Mawe nyeupe, mawe nyeusi, mawe ya mistari, mawe ya kungaa kama jicho ya mutu mwenye homa, kila moja imefungwa mu jani kavu ya ndizi na kupangwa taratibu kama mayai.

"Nguo iko wapi?" Mwavita akauliza.

"Iko chini, mama," Nuru akajibu. "Mbili."

Toka ile siku jina ikamushika: Bibi Mawe. Ku kisima, Bibi Mawe. Ku soko, Bibi Mawe, leo unapika mawe ya kukaanga ao ya kuchemsha? Na Nuru alikuwa anacheka pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wao, juu hakuona haya hata kidogo. Tangu utoto, kule Kabambare, wasichana wengine walishuka mu vijito kuvua samaki na vitunga, yeye alirudi na kitunga ya mawe. Mujomba yake Emile, mwenye kuvunja mawe ya barabara ya Bulamatari, ile serikali ya Wabeleji, alimuletea kila jiwe ya ajabu. Nuru alijua jiwe gani inalia ukiigonga, gani inapasuka mu moto, gani inanoa kisu, gani unaweza kuikwaruza na ukucha tu. Na hiyo mawe, kazi yake ni nini? Hakuna! Alipenda tu. Aliziosha, alizipanga, alizitazama, basi.

Mwavita akamupa kijumba ya nyuma, pale walikuwaka wanaanika mpunga wakati ya mvua. "Weka pale hiyo mizigo yako," akasema. "Na kama polisi anakuja kutafuta dhahabu, utamufungulia mulango weye mwenyewe. Miye sikujui."

Ilikuwa mwaka 1943. Vita ya Wazungu ilikuwa inakula kila kitu kule Ulaya, na huku Kasongo Bulamatari alikuwa anatuma watu mu pori kutafuta mupira wa miti wa kupeleka mu vita. Mu duka ya Mugiriki vitu vikaanza kupotea kimoja kimoja. Leo sindano. Kesho uzi. Chumvi ikawa kitu ya kuficha chini ya kitanda. Na lakre ya mafundi, ile chaki ndogo ya kuchora nguo mbele ya kukata, ikapotea kabisa kabisa. Mafundi walijaribu kuchora na makaa. Gauni ya bibi ya karani ikatoka na mustari mweusi ku tumbo, kama mutu amefungwa kamba. Walijaribu kipande ya sabuni. Lakini sabuni yenyewe nani alikuwa nayo?

Siku moja Nuru alipeleka kitambaa kwa Hemedi, fundi mukubwa ya Kasongo, mwenye mashini mbili na ndevu moja nzuri sana. Akamukuta na makaa mu mukono, anatukana vita, anatukana Ulaya, anatukana makaa. Nuru akafungua fundo ya pindo yake, akatoa jiwe nyeupe, laini kama mafuta ya kuganda.

"Baba Hemedi, jaribu hii."

"Nini? Sukari?"

"Jiwe."

Hemedi akageukia wenzake. "Mumesikia? Mafundi ya Ulaya wanashona na mashini. Miye nitashona na jiwe!"

Wakacheka. Lakini alichora, kwa kucheka tu. Mustari ikatoka nyembamba, safi, yenye kunyooka ku kitambaa ya bluu kama imechorwa na malaika. Akaipangusa na kiganja. Ikaondoka. Akachora tena. Hakuna mutu alicheka.

"Unayo ingine?" akauliza pole pole.

"Ninayo sanduku," Nuru akasema.

Oo, mungemuona Nuru jioni ile, namna alirudi nyumbani karibu anakimbia! Toka siku ile kijumba ya nyuma ikawa nyumba ya kazi. Alipata kipande ya musumeno ya zamani, akakata jiwe nyeupe vipande vipande vya upana ya vidole viwili. Akasugua kila kipande juu ya jiwe ngumu, na maji, mpaka ukingo ikawa nyembamba kama ya sahani. Akaanika. Akafunga kumi kumi mu jani ya ndizi. Hemedi alichukua ya kwanza, kisha mafundi wenzake wa ile barabara ya soko, kisha fundi ya misioni, na siku moja mutu akatoka Wamaza kwa miguu, siku mbili njiani, juu ya lakre ya Nuru tu! Walilipa na walichokuwa nacho: uzi, mchele, kipande ya kitambaa. Bwana yake Faradji alikuwaka anapeleka mafuta ya ngazi, yale ya mawese, Kabambare na velo, baiskeli yake. Sasa akawa anarudi na mawe, mujomba Emile amezipanga mu magunia.

"Ku kizuizi ya polisi wanafungua gunia kila safari," Faradji alimuambia. "Wanatazama, wanatazama, wananiuliza: weye, unaleta mawe Kasongo, Kasongo haina mawe? Ninawaambia: siyo miye, ni bibi yangu. Wananionea huruma, wananiacha napita."

Na Mwavita? Mchele ilikuwa inaingia mu nyumba, aliipika, aliikula, na mawe aliipita kama haioni.

Halafu Ramadani ikafika, na Hemedi akapata kazi ya mwaka. Wazazi wa watoto kumi na wawili wa chuo ya Korani walijikusanya pamoja, wakatafuta merikani nyeupe, na kwa ile wakati ya vita kuipata ilikuwa kama kutafuta meno ya kuku. Wakaipata. Robota moja tu, ya mwisho mu Kasongo, Mugiriki alikuwa ameificha. Kanzu kumi na mbili, za siku ya Idi, watoto wasimame mustari moja mbele ya watu wote na kusoma. Hemedi akakubali. Akatandika kitambaa, akachukua lakre ya Nuru, akachora. Nyeupe juu ya nyeupe! Hakuona kitu. Akainamisha kichwa kulia, kushoto, akafunga jicho moja. Hakuna.

"Nuru, binti yangu," akaja kusema, "unipe ya rangi. Upesi. Idi iko karibu."

Na pale, pale ndipo Nuru alifanya kosa. Alikuwa na furaha mingi mno. Mutu mukubwa kama Hemedi amekuja mwenyewe mpaka mu kiwanja yake, anamuita binti yangu! Akaingia mu kijumba, akaona jiwe nyekundu ya Kabambare, laini, yenye kuchora vizuri sana ku mukono yake. Akakata vipande sita palepale, akafunga, akampa. Ile nyeupe aliijaribu mara elfu ku nguo yake mwenyewe. Ile nyekundu hakuijaribu hata mara moja.

Siku tano mbele ya Idi, Hemedi akarudi. Hakupiga hodi. Alikuwa amebeba furushi, na nyuma yake mafundi wawili, na nyuma ya mafundi nusu ya mutaa, juu watu wa kufunga hawana kazi ya kupika muchana.

"Bibi Mawe! Toka inje!"

Nuru akatoka, mikono nyeupe ya vumbi. Hemedi akafungua furushi, akatandaza kanzu moja mbele ya macho yake. Mustari nyekundu ku mabega, mustari nyekundu ku mikono, mustari nyekundu mpaka chini.

"Nimeifua," Hemedi akasema. Merikani mupya iko na wanga, kila fundi anaifua mbele ya kuitoa. "Nimeifua mara moja. Nimeifua mara mbili. Nimeifua na sabuni yangu ya mwisho. Ni kama ninainywesha ile rangi! Kumi na mbili, Nuru. Zote kumi na mbili ziko hivi. Watoto wa watu watasoma mbele ya watu kama mbuzi ya kuchinjwa?"

"Si nilikuambia," fundi moja akasema, "mutu anayefungia mawe mu majani ya ndizi, kichwa yake haiko muzima."

Hemedi akainua mukono, akamunyamazisha. Sauti yake ikashuka, na hiyo ndiyo iliumiza Nuru kuliko kelele. "Merikani ingine haiko mu Kasongo. Haiko Kabambare. Haiko popote. Miye nimeshona miaka makumi mbili, jina yangu haijaanguka. Sikia vizuri: kama asubuhi ya Idi hizi kanzu haziko nyeupe, hakuna fundi atashika tena jiwe yako mu mukono. Hata ya kunolea makasi."

Wakaenda. Furushi ikabaki chini.

Nuru akainama kuiokota. Akaona Mwavita ku mulango ya jiko, mikono ku kiuno. Sasa itakuja, akajisemea. Sasa atasema yote aliyoyaficha toka siku ya sanduku.

"Uliijaribu kwanza?" Mwavita akauliza.

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Nilifurahi."

Mwavita akashusha mikono. "Ni jibu ya kijinga," akasema. "Lakini haiko ya uongo. Ingia basi ufikiri. Ukilia utafungua saumu bure."

Nuru akaingia mu kijumba, akakaa katikati ya vitunga yake. Akatazama mawe moja kwa moja, kama mutu anauliza ndugu zake. Macho ikaanguka ku ile jiwe ya kioo, ndefu, yenye pembe sita, mujomba Emile aliileta kutoka upande wa Salamabila. Sasa inangaa, unaona kidole yako ngambo. Lakini ilipofika ilikuwa nyekundu yote! Imevaa kutu kama panga ya kusahaulika mu mvua. Na alifanya nini? Aliilaza mu maji ya ndimu, siku tatu, na ile nyekundu ikaachia.

Akaruka juu karibu agonge kichwa ku paa. Ndimu!

Lakini ngoja, ngoja, ngoja. Kukimbia ndiyo kulimuponza. Safari hii akachukua shela yake nyeupe ya arusi, kitambaa nzuri kuliko yote alikuwa nayo, akaipasua. Ndiyo, aliipasua! Akachora na jiwe nyekundu mistari mine, akafua yote ili ile nyekundu iingie ndani kama ku kanzu. Kipande ya kwanza akaipaka majivu. Ya pili, ndimu. Ya tatu, ndimu na chumvi, ile chumvi kidogo ya jiko, na kuianika ku jua kali. Ya ine akaiacha, apate kulinganisha. Jioni, mbele ya azani ya magaribi, akaziweka pembeni pembeni. Majivu: nyekundu. Ndimu: nyekundu ya kuchoka. Ndimu na chumvi na jua: rangi ya waridi, nyepesi, kama ndani ya mudomo ya mutoto. Kesho yake akairudilia mara mbili. Ikawa nyeupe.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, nyeupe!"

Mwavita akakuja, akaichukua, akaipeleka ku mwangaza, akaigeuza. "Kwa kanzu kumi na mbili unahitaji chumvi ngapi?"

Hapo ndipo Nuru alikwama. Hakuwa amefikiri. Chumvi ya jiko ilikuwa imekwisha ku vile vipande, na ku soko chumvi ilikuwa haionekani.

Mwavita akatoka. Nuru akasikia kitanda inasukumwa, kitu inafukuliwa chini, mwanamuke muzee anagugumia na mugongo yake. Akarudi amebeba kitu kama mutoto mulalaji, imefungwa mu majani na kamba: chumvi ya zamani ya kuchemshwa, ngumu kama tofali.

"Niliifukia vita ilipoanza," Mwavita akasema. "Ilikuwa ya maziko yangu, watu wale vizuri. Basi nitachelewa kufa."

"Mama, hapana..."

"Aka! Usiniambie hapana mu nyumba yangu. Miye mawe siipendi, na leo bado siipendi. Lakini Hemedi kusimama mu kiwanja yangu na kumuita mukamwana yangu Bibi Mawe mbele ya mutaa muzima? Sisi tunamuita hivyo. Yeye nani alimupa ruhusa?"

Faradji akatumwa na velo kutafuta ndimu, akarudi na magunia mbili. Na hapo, wapendwa, kazi ikaanza! Fikirini: Ramadani, muchana, tumbo tupu, na wanawake wanakata ndimu mia, ndimu mia mbili, zinaruka mu macho, zinanukia! Mate inajaa mu kinywa, huwezi kumeza kwa raha, huwezi kutema kila saa. Majirani waliokuja kucheka wakakaa chini na visu.

"Mwavita, miye saumu yangu inakwenda na hii ndimu!"

"Funga kinywa, fungua kisu!"

"Na weye mbona unameza meza hivyo?"

"Ninameza hasira!"

Walilowesha kanzu mbili mbili mu beseni, wakapaka chumvi ku kila mustari na vidole, wakaitandika ku majani ya kiwanja. Siku ya kwanza jua lilikuwa kali, asante Mungu. Siku ya pili, saa saba, wingu likapanda kutoka upande wa Lualaba, jeusi, mvua ya kwanza ya mwaka. Nuru akasimama katikati ya kanzu kumi na mbili zimelala chini kama watu, akatazama juu. Matone mine, tano, yakaanguka. Wanawake wakanyakua kanzu, wakakimbia ndani, wakatoka, wakakimbia tena. Mara tatu! Mvua ikanyesha kidogo tu, ikafanya haya, ikaenda zake. Siku ya tatu jua ikarudi, na Nuru hakuondoka pale. Aligeuza, alipaka, aligeuza. Vidole vilipasuka na chumvi ikaingia ndani, na kila mara ilimuchoma alicheka peke yake, juu kila mara alikuwa anaona nyekundu inarudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mutu amefukuzwa.

Mukesha wa Idi alizifua na maji safi, akazipiga pasi ya kuazima na makaa ya Mwavita, akazikunja, akazibeba ku kichwa mpaka kwa Hemedi. Mafundi wote walikuwa pale. Hemedi akakunjua ya kwanza. Akaipeleka karibu na pua. Ya pili. Ya tatu. Alizikunjua zote kumi na mbili, na Nuru hakukaa, hakupewa kiti na hakuomba. Ku ya kumi na moja Hemedi akashika mukono ya kanzu, akatazama muda murefu chini ya kwapa. Kulikuwa pale kivuli ya waridi, ndogo kama ukucha.

"Ile nimeiona," Nuru akasema. "Ni chini ya kwapa. Iko ya mutoto mufupi wa mwisho, hatainua mukono. Lakini nakuambia weye mwenyewe, usiseme nimekuficha."

Hemedi akaachia ule mukono. Aliikunja kanzu pole pole, na mikono yake ilikuwa ya heshima.

Asubuhi ya Idi watoto kumi na wawili walisimama mbele ya umati, mustari moja, weupe mpaka macho iliuma. Walisoma, na sauti zao zikapanda pamoja. Nuru alikuwa nyuma na wanawake. Hakusikia neno hata moja. Alikuwa anatazama mabega, mikono, mapindo, anatafuta nyekundu. Mwavita akamupiga kiwiko.

"Simama sawa," akanongona. "Watu wanakutazama."

Kweli, walikuwa wanamutazama.

Siku tatu baada ya Idi, Hemedi akaja. Safari hii alipiga hodi, tena mara mbili. Mwavita akamutandikia mukeka, akamuletea maji, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani: "Fundi ya mawe iko nyuma, anatumika kazi yake. Nitamuita."

Nuru akatoka, mikono nyeupe. Hemedi akaweka mbele yake kibunda ya uzi ya hariri, kitu ile wakati hakuna mutu alikuwa nayo.

"Nguo nyeupe zitakuja tena," akasema. "Ninataka lakre ya rangi. Ya kuonekana, na ya kuondoka. Mafundi wote wa barabara wanataka. Unayo?"

Alikuwa nayo. Mu kijumba kulikuwa jiwe ya rangi ya majivu-bluu, mujomba Emile aliituma mbele ya Ramadani, na ilikuwa inachora vizuri sana. Nuru akaingia, akatoka na kitambaa murefu, kilichobaki cha ile shela. Juu yake kulikuwa mistari ya kila rangi, na pembeni ya kila mustari, vifundo vya uzi: kifundo moja kwa kila mara ilifuliwa.

"Hii ya majivu imefuliwa mara moja," akasema, "na imeondoka. Lakini miye nafua mara tatu, na ninaiacha ku jua siku mbili, mbele ya kuuzia mutu. Rudi Ijumaa."

"Nuru! Ninazo nguo za watu zinangoja!"

"Zingoje, baba."

"Nipe vipande viwili tu. Mimi, Hemedi!"

"Hata ungekuwa Bulamatari mwenyewe."

Ku jiko Mwavita akakohoa, ile kukohoa ya mutu anayeficha kicheko. Hemedi akamutazama Nuru, akatazama kitambaa, akahesabu vifundo na kidole. Kisha akasimama, akapangusa kanzu yake, akapanga ndevu.

"Ijumaa saa ngapi?" akauliza.